Kadi Yenye Pengo

Kila asubuhi, kabla hata ya kunawa uso, Shangazi alikaa ukingoni mwa kitanda akazitandaza kadi zake tatu juu ya paja: kitambulisho, kadi ya bima na kadi ya benki. Alizipapasa moja moja, akazigeuza, nyingine akainusa. Zote zilikuwa na ukubwa mmoja, unene mmoja na ulaini mmoja, kama mapacha waliovalishwa sare. Akishakisia ipi ni ipi, aliitia ya benki kwenye mfuko wa ndani wa blauzi. Hata hivyo alikosea. Siku moja alimpa nesi kadi ya benki, nesi akamwambia, "Mama, hapa tunatibu, hatutoi mikopo."

Watoto wa mdogo wake ndio waliokuwa wakimwita Shangazi, kisha mtaa mzima ukadakia. Macho yalimpotea akiwa na miaka kumi na mmoja, kwa surua. Mdogo wake alikuwa na sita. Mama yao alimshika yule mtoto mabega akamwambia, "Kuanzia leo wewe ndiye macho ya dada yako." Mtoto aliyashika maneno yale mpaka akaota mvi. Sasa alikuwa fundi rangi, mwenye mikono inayonuka mafuta ya taa hata siku ya mapumziko, na dada yake alikaa kwake, chumba cha nyuma, karibu na jiko.

Kazi ya Shangazi ilikuwa kufuma sweta za shule. Walikuwa tisa katika karakana, wote wasioona, na kila mmoja na mashine yake ya kufuma. Asubuhi zikianza kukwaruza pamoja, mpita njia hakusikia hata honi. Rangi walizijua kwa mafundo: uzi wa bluu ulifungwa fundo moja mwishoni, wa maruni mawili, wa kijivu matatu. Wa kijani haukufungwa kitu, maana ulikwaruza vidole na ulijitambulisha wenyewe.

Kila mwisho wa mwezi fundi rangi alimshika dada yake mkono wakaenda benki. Wakafika kwenye mashine ya kutolea pesa, dada akatoa kadi, mdogo mtu akabonyeza. Namba ya siri aliichagua yeye, mwaka aliozaliwa binti yake wa kwanza. Kisha alimhesabia dada pesa kiganjani, noti kwa noti, kwa sauti ya chini watu wasisikie. Hakuwahi kumpunja hata senti. Hilo Shangazi angeweza kuliapia.

Taabu ilianza alipopata habari za chumba. Jirani na karakana aliishi mama mmoja mshonaji, na chumba chake cha uani kilikuwa kitupu. Kina mlango wake peke yake, bomba liko hatua nne, na kutoka pale hadi kwenye mashine yake ya kufuma ni ukuta mmoja tu. Shangazi alikwenda akakipima kwa fimbo, akagusa dirisha, akapenda. Alikuwa na miaka hamsini na mbili na hakuwahi kufunga mlango uliokuwa wake.

"Mwisho wa mwezi tutoe ya kodi ya miezi mitatu," alimwambia mdogo wake wakiwa mezani.

Fundi rangi aliacha kutafuna. "Kodi ya nini, dada?"

Alipoelezwa akacheka, kisha akaona hakuna mwenzake anayecheka. "Dada, ukiungua na maji ya moto usiku nani atakusikia? Na watu watasemaje? Watasema mke wangu amekufukuza."

"Mimi jina langu lisiingie humo," mkewe akasema kutoka jikoni. "Wifi ni mtu mzima."

"Basi ni hivi," fundi rangi akasema, na sauti yake haikuwa na ukali wowote, ndiyo maana iliuma zaidi. "Namba ninayo mimi. Kwa hilo sibonyezi."

Shangazi alimaliza chakula chake, akaosha sahani, akaenda kulala. Lakini kesho yake karakanani sweta tatu zilitoka na mkono mmoja mrefu kuliko mwingine.

Ndipo akakata shauri kujitegemea. Alimwomba msichana wa ofisini aitoboe kadi ya benki pembeni kwa ile mashine ya kutobolea karatasi. Kwenye tundu akapitisha uzi wa maruni, akaufunga mafundo matano, idadi ambayo hakuna rangi iliyokuwa nayo. Wazo lilikuwa zuri kweli: mafundo matano ni benki, na upande wenye uzi ndio mkia, unabaki nje. Namba ya siri aliijua, kwani nani asiyejua mwaka aliozaliwa mtoto wa nyumbani? Na kitufe cha namba tano cha mashine ya benki kilikuwa na kinundu. Ukikipata hicho, vingine umevipata.

Mchana mmoja akatoroka kazini, akaenda peke yake kwa fimbo. Akaingiza kadi. Mashine ikaivuta kadi, ikavuta na uzi, ikakoroma, ikanyamaza.

"Jamani, mashine imemeza sweta!" mtu akasema kwenye foleni.

"Subirini, itatoa soksi," mwingine akadakia.

Mlinzi akaja mbio. "Mama, hapa ni benki, siyo karakana!"

Shangazi alijikaza, akaomba radhi kushoto na kulia, akarudi kazini akiwa na joto masikioni.

Kesho yake akaitwa benki. Binti wa dirisha la tatu alimketisha, akamtilia kadi mkononi. Ilikuwa bado na uzi, umesokoteka kama nywele za kuamkia.

"Mama, hii tumeitoa kwa koleo. Kwa nini uliifunga uzi?"

Shangazi alitegemea kicheko, hivyo akajibu kwa ukavu. Alieleza mafundo, kadi tatu mapacha, na mkono wa mdogo wake kwenye vitufe. Binti hakucheka. Aliinuka, akaenda chumba cha nyuma, akarudi na bahasha.

"Makao makuu wametuletea kadi za majaribio. Wanataka wateja wasioona wazishike waseme. Zimekaa kabatini wiki ya tatu, sikujua nimpe nani."

Ya kwanza ilikuwa na mkwaruzo mdogo pembeni. "Huu ukucha wangu ungeuona, kidole hakiuoni," Shangazi akasema. Ya pili ilikuwa imekatwa pengo la nusu duara kwenye upande mfupi. Kidole gumba kikaingia pale kikatulia. Alilirudia mara tatu. Ya tatu ilikuwa na nukta za kuvimba, maandishi ya wasioona. Alizisoma haraka, tarakimu nne.

"Na hii ni nini?"

"Namba ya siri, mama," binti akasema kwa furaha. "Ya mfano tu. Wameiandika kwa nukta, mteja asisahau. Watu wengine hawawezi kuisoma."

Shangazi aliangua kicheko mpaka mlinzi akachungulia. "Mwanangu, hao wengine ndio sisi! Karakanani tuko tisa, wote tunasoma nukta kuliko wewe unavyosoma gazeti. Na mmoja wetu ana mkono mrefu, simtaji. Si waiandike tu kwa rangi mlangoni kwangu."

Binti naye akacheka, akaandika yote. Shangazi alisikia kalamu ikienda, akamwambia aongeze: pengo liwe upande unaobaki mkononi, na mashine iseme, lakini isiseme kwa sauti ya mnadani.

Ikapita miezi mitano. Chumba cha mshonaji kilibaki kitupu kwa sababu mama huyo alimpenda Shangazi, na kwa ubishi wake aliwakatalia wapangaji wengine. Kisha kadi yenye pengo ikafika, na mashine ya benki ikatobolewa tundu la waya wa masikioni. Mwisho wa mwezi fundi rangi akamshika dada mkono kama kawaida. Mlangoni Shangazi akautoa mkono wake taratibu.

"Leo kaa nje."

"Dada?"

"Kaa hapo kivulini. Sichelewi."

Alichomeka waya. Sauti ya mwanamke ikamwambia kioo kimezimwa, hakuna anayeona. Ikamwongoza hatua kwa hatua, ikimngoja. Alibadilisha namba ya siri. Aliweka ipi, alijua mwenyewe. Sauti iliposema imekubali, alijibu kwa nguvu, "Asante, mama!" na foleni ikacheka, naye akacheka nayo.

Nje, mdogo wake alikuwa amesimama palepale. Alinuka rangi na jasho.

"Umebadilisha," akasema.

"Nimebadilisha."

"Kwani nimewahi kukuibia?"

"Hata siku moja."

"Sasa?"

Shangazi alitafuta mkono wake, akaupata. "Umenibebea macho miaka arobaini na moja. Niachie kitu kimoja usichokijua. Na pesa ya kodi nimetoa."

Fundi rangi alinuna siku nne. Alikula, alikwenda kazini, alirudi, na maneno yake yalikuwa "ndiyo" na "hapana". Siku ya tano aliomba aonyeshwe ufunguo wa chumba kipya, akaondoka nao, na Shangazi akamsikia uani akisugua chuma kwa tupa kwa muda mrefu. Aliporudi akamtilia ufunguo kiganjani. Kwenye kichwa chake kulikuwa na pengo la nusu duara, limelainishwa vizuri, halikwaruzi popote.

"Usije ukauchanganya na wa karakana," akasema.

Jumamosi asubuhi Shangazi alikaa ukingoni mwa kitanda. Hakuzitandaza kadi. Aliingiza mkono mfukoni, kidole gumba kikaingia kwenye pengo, basi. Watoto walikuwa wamekwishapeleka godoro na sanduku. Wifi yake alimkumbatia akamfunga kanga ya kichwani vizuri. Fundi rangi alitaka kumshika mkono, akaurudisha, akaufuta kwenye suruali.

Shangazi akatoka. Fimbo ikagusa kizingiti, ikagusa ndoo, ikagusa lango.

"Dada, umesahau uzi! Donge zima liko chini ya kitanda!"

"Lina mafundo mangapi?"

Vidole vya mdogo wake vikatafuta. "Halina."

"Huo wa kijani. Wape watoto wachezee."

Alisema bila kugeuka. Fimbo ikashika njia, tik, tik, mpaka kwenye kona, na kwenye kona ikaacha kusikika. Mdogo wake alibaki langoni na donge la uzi mkononi, akisikiliza.