Daktari wa Choo
Mwaka wa tisini na nne, wanawake wa soko la Rodi Kopany walimwita kijana mmoja mtafiti Daktari wa Choo, ingawa yeye aliwakumbusha kila mara kwamba bado anasomea digrii ya pili, mambo ya minyoo. Filister, muuza omena, dagaa wa ziwani, alimtazama wiki nzima: vidole vilivyochujuka kwa kunawa, kalamu nyuma ya sikio, na sauti nene ambayo ikifika kwenye maneno "choo kikubwa" ilikuwa kama ya mtu anayeungama kwa padri. Kijana aligawa vikopo vya kutilia choo cha kupima, akavikusanya vitupu, na bila sampuli hakuna digrii. Ijumaa Filister akamkabili mbele ya watu.

"Nyathina, mwanangu, nikupe choo changu uende uniroge nacho?"

Kijana alichukua kikopo, akaingia msalani, akakaa humo mpaka watu wakaanza kumpa pole kutoka nje. Alipotoka alinawa taratibu mpaka viwikoni, kisha akamkabidhi Filister kikopo kwa mikono miwili.

"Hiki ni changu, mama. Kiweke. Nikikuroga, nawe niroge."

Soko zima likaangua kicheko. Filister alikishika mbali na pua.

"Haya, lete kikopo changu," akasema. "Lakini hiki sikurudishii."