Siku Niliyompima Bibi

Juzi nilirudi Rumonge kwa mjukuu wangu, nikamkuta mutoto wake amekaa chini na vijiti, vifuniko vya chupa na uzi. Anasema ni hesabu za ekole, za shule. Kisha akasimama na ule uzi, anataka kunipima kuanzia utosini mpaka kisigino. Nilipiga kelele mpaka kuku wakatoka ndani. Usinicheke, rafiki yangu. Kaa nikueleze.

Wakati wa Wadachi, wale Wajerumani, mimi nikiwa mutoto wa miaka kumi hivi, mwalimu mmoja aliyetoka pwani alitufundisha hesabu ufukweni mwa ziwa, hukohuko Rumonge, katikati ya mitumbwi iliyopinduliwa. Ubao haukuwapo. Tulijumlisha kwa kokwa za michikichi, tukagawanya kwa mafungu ya ndagala, vile visamaki vya ziwani, na harufu yake tulirudi nayo nyumbani kwenye nywele. Urefu tulipima kwa mkono, toka kiwiko mpaka ncha ya kidole. Mwalimu alikuwa mkali. Ukikosea kokwa moja unaanza upya, hata jua likuchome kichwa. Kwake jibu la karibu-karibu halikuwa jibu.

Siku moja akasema kila mutu apime nyumbani kitu kirefu kuliko yeye mwenyewe, alete kamba yenye fundo. Kwetu kulikuwa na nini? Vyungu, jembe, kinu. Kirefu kilikuwa kimoja tu: bibi, mama ya mama yangu, amelala na homa siku ya tano. Nikachukua kamba ya mgomba, nikaiweka utosini pake, nikaivuta mpaka kisigino, nikafunga fundo.

Sisi Waislamu wa mwambao huu, maiti ndiye anapimwa hivyo, kisha kamba inapelekwa kwa wachimba kaburi. Wakubwa wote walijua. Mimi hakuna aliyekuwa ameniambia. Jirani yetu aliingia na bakuli la uji, akaniona, bakuli likamponyoka.

"Wee mutoto! Unapima mutu anayepumua?"

Bibi akafungua macho. Akaitazama kamba, akanitazama mimi.

"Niko na urefu gani?"

Nami mjinga nikajibu, tena kwa majivuno: "Mikono mine na shibiri moja."

"Haya. Muambie baba yako achimbe."

Akageukia ukuta. Siku mbili hakutia kitu mdomoni, hata maji alikataa. Mama alinitazama kama nyoka aliyeingia ndani ya nyumba.

Siku ya tatu mwalimu alikuja kuuliza kwa nini sionekani. Mama akammwagia maneno yote pale mlangoni. Mwalimu akavua viatu, akaingia, akapiga magoti kando ya mkeka.

"Shikamoo, mama. Hii kamba nani ameihakikisha? Ipime wewe mwenyewe."

Bibi akajiinua kidogokidogo, akailaza kamba kwenye mkono wake. Moja. Mbili. Tatu. Wa nne haukufika.

"Mitatu na shibiri! Na huyu alisema mine!"

Nilifungua mdomo. Kamba ilikuwa ileile. Mkono wangu ndio mfupi kuliko wake. Hata mimi nililiona hilo. Mwalimu akanikata jicho, nikameza maneno.

"Basi si mimi uliyempima," bibi akaniambia. "Leteni uji. Na wewe mwalimu, unafundisha nini huko? Watoto hawajui kuhesabu hata mpaka nne!"

"Ni kweli, mama. Nisamehe."

Nilishtuka kuliko nilivyoshtuka bakuli lilipoanguka. Mutu aliyetuchoma jua kwa ajili ya kokwa moja, leo amepiga magoti, anakubali kosa ambalo si kosa! Nikamtazama bibi anavyokunywa uji, nikalia.

Ule ufuko wetu sikuuona tena juzi. Malale, ule ugonjwa wa usingizi, ilikuja, watu wakahamishwa, mitumbwi ikaozea palepale. Wadachi wakaondoka, na mwalimu akaondoka nao. Lakini kabla ya hayo bibi alipona, akarudi kukamua mawese yake, na kila aliyepita alimwambia kwamba mwalimu wa Wadachi hajui hesabu. Watu walicheka. Baba watatu wakawatoa watoto wao shuleni. Mwalimu aliyasikia yote, maana alipita mlangoni petu kila asubuhi, na kila asubuhi alimwamkia bibi kwa heshima. Hakumsahihisha hata mara moja.