Salamu za Wafula, nilizozikata

Nimeandika "Wafula ametuacha" mara tatu na kufuta mara tatu. Bado haijaingia akilini, jamani. Jumapili aliniambia nimonia si kitu, Jumanne anatoka hospitali. Jumanne ndiyo nilipigiwa simu.

Wengi wenu mnanijua mimi kama sauti ya podcast yetu ya barabara ya Namanga. Wafula ndiye aliyeshika maikrofoni. Leo nataka mumjue.

Tulianza hapa Kitengela na kinasa sauti cha kuazima kanisani, na soksi yake tuliyoivalisha maikrofoni ili upepo usituharibie kazi. Soksi ilikuwa imefuliwa. Aliapa.

Studio ilikuwa kabati lake la nguo. Watu wakiuliza podcast ni nini, alijibu, "Ni redio ya watu hawana redio." My God, alivyojiamini!

Safari ya kwanza tulienda Bisil, kwenye soko la mifugo, kumhoji mzee Lemayian. Mimi na haraka zangu za deadline, nikamrushia swali la ukame hata sijaketi. Mzee akamgeukia Wafula: "Huyu msichana anaongea na mimi kama mimi ni ng'ombe. Anataka bei tu."

Wafula akavua kofia, akamsalimia kwa Kimaasai. "Supa, mzee."

"Ipa."

Akauliza ng'ombe wako aje, mvua imefika wapi, watoto, wajukuu, hadi yule aliyetajwa kuwa anaumwa na mguu. Mbukusu wa Bungoma huyo! Mzee akafunguka hadi betri zikatuishia.

Tangu siku hiyo yeye alikuwa wa salamu, mimi wa maswali. Na kila nikifanya editing, nilikata salamu zote. Faili ikiwa kubwa, pale cyber inashinda siku nzima ikipanda mtandaoni, halafu stima inapotea. "Content ni maswali," nilimwambia. Alicheka tu.

Siku moja tuligombana vibaya. Alikuwa amempelekea mzee CD ya mahojiano ambayo hayajakatwa. Nikamwambia hana professionalism.

"Njeri, mzee ajisikie akijibu maswali ya mtu hajamsalimia? Hiyo ni aibu."

Nilimnunia wiki nzima. Nilikuwa mjinga.

Juzi Jumatano mamake alinipigia kutoka Bungoma. "Njeri mwanangu, picha niko nazo. Nitafutie sauti yake, nimsikie kabla hatujamzika Jumamosi."

Nimefungua vipindi vyote. Wafula hayuko. Mahali pamoja anasikika akikohoa, basi. Nilimtoa mimi mwenyewe, kwa mkono wangu, kila mahali, na rekodi zenyewe, zile hazijakatwa, tulikuwa tunafuta ili tupate nafasi ya kurekodi zingine. Nililia hadi majirani wakabisha mlango.

Ikabaki ile CD.

Jana nikaenda Bisil. Nilimkuta mzee nje ya nyumba, nikafungua mdomo kuomba CD, nikajishika. Nikaanza upya. Supa. Ipa. Ng'ombe. Mvua. Wajukuu, mmoja mmoja. Ikafika zamu yake ya kuuliza.

"Na yule wako wa salamu? Ako sawa?"

Nilishindwa kusema ako sawa. Nikamwambia.

Mzee akaingia ndani, akarudi na CD imefungwa kwa kipande cha shuka. "Pelekea mama yake. Mwambie huyu kijana alikuwa ananiuliza habari yangu, na alikuwa anangoja nijibu."

Nimeisikiliza asubuhi hii. Dakika sita nzima, Wafula, unamuuliza mzee habari zake, na hakuna mahali unaharakisha. Mchana huu napanda basi kwenda Bungoma. Sijagusa hata sekunde moja.

Nisamehe kwa yote niliyokata, ndugu yangu. Kesho mama atakusikia ukisalimia, na najua atakuitikia.

Pumzika salama, Wafula. Supa.