Ukurasa Uliosahau Kuamkia

Baba yangu alishuka kutoka Lumuma amevaa viatu vyake vya kanisani, na nia yake ilikuwa moja tu: kunirudisha nyumbani nikafundishe shule ya misheni. Nafasi ilikuwa imepatikana. Mimi nilikuwa Mikumi, kwenye kichumba nyuma ya nyumba ya wageni ya mama mmoja aliyeifungua miaka ile kila mtu aliporuhusiwa kufanya biashara. Nilikuwa namtengenezea ukurasa wa intaneti, ili watalii wa mbugani waombe vyumba wakiwa huko huko kwao.

"Nitaiona kwa macho yangu," baba alikuwa ameniambia. "Ikiwa ni kazi, utabaki. Ikiwa ni mchezo, funga mzigo." Nami nilitaka kubaki, jamani!

Mwenzangu kazini alikuwa kijana wa wafugaji kutoka Msowero, mbishi ajabu. Tuliandika kwa Java, lugha mojawapo ya kuiamuru kompyuta. Kurasa za namna ile huandiki kila kitu mwenyewe. Kuna maktaba za tagi, yaani amri fupi walizokwisha kuziandaa wengine, wewe unaziita tu zinakufanyia kazi. Yeye alikuwa na maktaba yake, mimi na yangu, na kila mmoja aliapa kuwa ya mwenzake ni takataka. Mwisho tukaona yasiwe mengi, tuchanganye. Yeye akaandika juu, salamu, makaribisho na fomu ya vyumba yenye maswali kwa mgeni. Mimi nikaandika chini kabisa, swali la mwisho, siku ya kuondoka.

Baba akaingia.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba. Iko wapi?"

Nikabonyeza. Ukurasa ukafunguka, na kule juu kabisa, kwa herufi nene, ukauliza: "Unaondoka lini?" Shikamoo yenyewe ilikuwa imejikunyata chini yake.

Baba akavua miwani. "Wazee walisema mgeni njoo, mwenyeji apone. Hii yako inasema mgeni nenda." Mwenzangu aligeukia ukutani, mabega yanatikisika kwa kicheko. "Nitalala hapa," baba akamalizia. "Kesho tunapanda wote Lumuma."

Weee! Alipotoka tu nikamrukia mwenzangu.

"Tagi zako zimelala!"

"Zako hazina adabu, dada."

Tulibishana mchana kutwa huku tukijaribu hiki na kile, hadi tukaelewa. Za kwake zilikusanyana kwanza, ndipo zikasema kwa pamoja. Za kwangu zilisema papo hapo, hazimsubiri mtu. Ukiziweka ukurasa mmoja, zangu zinatangulia hata uziandike chini.

"Kama mbuzi na ng'ombe," akasema. "Ukiwafungulia mlango mmoja, mbuzi ndiye atakayetoka mbele, hata umpange nyuma."

Ilibidi maktaba moja iondoke, na kwa kuwa fomu nzima ya vyumba ilikuwa imejengwa kwa maktaba yake, ikaondoka yangu. Iliniuma, sisemi uongo. Nilizifuta tagi zangu huku nikizisonya, nikaliandika swali langu upya kwa tagi zake, na yule mshenzi akawa anapiga miluzi pembeni.

Asubuhi baba alikuja na kikapu chake mkononi, tayari kwa safari. "Mzigo wako uko wapi?"

"Baba, tazama mara moja tu. Nakuomba."

Akavaa miwani, akainama. Juu kabisa paliandikwa: "Shikamoo, mgeni wetu."

"Marahaba," baba akaiitikia kompyuta, kwa sauti, kama alivyozoea maisha yake yote.

Hakuna aliyethubutu kucheka. Akaendelea kusoma taratibu, kidole kikishuka pamoja na maneno: karibu Mikumi, jina lako nani, mko wangapi, mnafika lini. Alipofika mwisho, kwenye swali langu lile lile, kidole kikasimama.

"Naondoka leo," akaijibu. Kisha akaokota kikapu chake. "Huyu binti anabaki."