Ndizi za Jioni, Fimbo za Asubuhi

Habari za kifo cha mwalimu wangu wa hesabu zilinikuta sokoni Moshi nikichagua nyanya, na niliyoishika ikapasukia kiganjani. Mnaonisoma mnajua sipendi kumsema marehemu. Leo nitamsema, kwa sababu namshukuru na kwa sababu bado nina hasira naye.

Miaka ile ya Ujamaa, kijijini kwetu juu mlimani, somo la hesabu lilianza kwa kukata fimbo. Tulizikata wenyewe kwenye shamba la kahawa la shule, na ole wake aliyeleta nyembamba. Mwalimu aliandika swali ubaoni, akaita mtu, na aliyekosea alipigwa palepale mpaka apate jibu. Tulipigwa viganja, vifundo, masikio. Wazazi wakiona alama walisema samaki mkunje angali mbichi, wakaendelea kupalilia. Siku ya kujumlisha robo na theluthi, alimwita rafiki yangu, msichana aliyetaka unesi kuliko alivyotaka kula. Msichana akaandika jibu, mbili juu ya saba. Fimbo ikashuka. Akafuta na, kwa woga, akaandika vilevile. Alipoinua mkono kujikinga, darasa zima lilisikia mfupa ukivunjika.

Kesho yake mama yake aliingia darasani na panga la kukatia migomba, akalikita kwenye meza ya mwalimu hadi vipande vya mbao vikaruka. Mwalimu, mtu wa miraba minne, aliruka dirishani akaangukia kwenye mikahawa. Tulicheka, kisha tukaogopa kwamba tumecheka.

Jumapili mwalimu akaja kwa kina rafiki yangu na wazee, ameshika jani la isale. Kwa sisi Wachagga, ukiletewa isale na anayeomba radhi, huna ruhusa ya kukataa. Mama yule wa panga alilipokea. Nilikuwepo, nimekaa ubavuni mwa rafiki yangu na mkono wake wenye plasta.

"Nimekusamehe, mwalimu, isale halikataliwi," mama alisema. "Sasa nijibu. Jioni unatufundisha sisi watu wazima kisomo. Hesabu hiyohiyo nilikosea. Ulinipiga?"

"Hapana, mama."

"Ulifanya nini?"

"Nilikata ndizi, nikakuonyesha."

"Nikakosea tena, ukakata nyingine. Mae! Kwa huyu mwanangu, ndizi zilikuwa zimeisha?"

Mwalimu alilia mbele ya wazee wote. Tangu siku hiyo alikuja darasani na ndizi, nami nikazipenda hesabu hadi leo. Shukrani yangu ndiyo hiyo. Lakini mkono wa rafiki yangu uliunga upande, na kila alipoona namba alitetemeka. Kwenye mtihani wa darasa la saba hakujibu swali hata moja la hesabu. Unesi ukaishia hapo, na hilo sijalisamehe, isale au si isale.

Siku hizi tunafanya vikao kujua kwa nini watoto wanafeli hesabu. Tunataja vitabu, madawati, ugumu wa somo, na vyote ni kweli. Mwalimu wetu, hata hivyo, alijua kufundisha. Ujuzi wake aliwapa watu wazima jioni, kwa sababu mtu mzima akionewa anavaa kandambili zake na kwenda nyumbani. Sisi asubuhi hatukuwa na pa kwenda, basi tukapewa fimbo. Walimu mnaonisoma, mfundisheni kila mtoto kama mtu anayeweza kuinuka na kuondoka.