Ondrea Mabry na Mbili ya Uru

Ondrea Mabry alizaliwa akiongea. Anayebisha akawaulize wauguzi: kabla hajakatwa kitovu alikwisha kuuliza ni nani aliyewasha taa kali namna ile. Akalelewa na babu yake, Mzee Hosea, kwenye nyumba ya mbao yenye kibaraza, mtaa wa Tarver Hill huko Ohio, na mzee yule alimfunza mambo mawili tu, kukaanga kambare na kucheza turufu. Mzee Hosea alikuwa akiibamiza karata mezani kwa kishindo hata jirani wa nyumba ya tatu akafungua mlango akidhani amepigiwa hodi. Alipofariki alimwachia mjukuu wake kibaraza, meza yenye nyufa, na mdomo.

Mchana Ondrea alikata nyama kwa mashine katika duka la vyakula, kila kipande chembamba kiasi kwamba ungeweza kusomea gazeti ng'ambo ya pili. Jumanne jioni alikuwa na vijana wa mtaa katika chumba cha chini cha kanisa la Mlima Gilboa. Walimwita mwenyekiti. Hakuna aliyempigia kura. Siku moja walitazama mbele wakamkuta amesimama pale anaongea, wakaona basi ndiye.

Sasa, Julai ya mwaka uliopita vijana hao walifanya sherehe ya mtaa. Walifunga barabara kwa mapipa ya taka, wakawasha majiko, wakacheza dansi ya kujipanga mistari. Jua halijazama, magari ya polisi yakaingia na ving'ora. Jiko likapinduliwa. Tavion Pickett, kijana wa miaka kumi na saba ambaye kosa lake kubwa maishani ni ulimi, akalazwa kifudifudi kwenye nyasi. Jioni ileile akaachiwa bila kushtakiwa wala kuombwa radhi.

Mwaka huu Ondrea aliwaambia wenzake, "Tutafanya tena. Lakini kwanza tutaongea na polisi."

Wakaongea, kama kule ni kuongea. Viti vilipangwa duara. Maafisa wakaja na sare zao, wakakunja mikono. Vijana nao wakakunja yao. Friji la kanisa ndilo lililosema mengi kuliko wote. Mara ya pili ikawa vilevile, isipokuwa friji nalo lilikuwa limechoka.

Baada ya kikao hicho Tavion alimfuata Ondrea kwenye ngazi. "Drea, nakupenda kama dada yangu wa tumbo moja. Lakini hawa watu wanakuja kunywa kahawa yetu tu. Jumanne ijayo ikiwa hivihivi, mimi na wenzangu tunatoka. Sherehe tutafanya wenyewe, na wakija watatukuta tumejiandaa."

"Mmejiandaa vipi?"

"Tumejiandaa."

Neno hilo lilimkaa Ondrea kooni kama mwiba wa kambare. Alijua kikundi kikivunjika na Julai ikafika, polisi watakuja wamejiandaa nao, na safari hii hakuna atakayeachiwa jioni ileile.

Jumanne iliyofuata aliviondoa viti vya duara, akaweka meza za kukunja, na juu ya kila meza pakiti ya karata.

Bi Verlene Oglesby, mkuu wa jiko la kanisa, alisimama mlangoni na mwiko mkononi. "Ondrea. Karata, ndani ya nyumba ya Bwana?"

"Chini yake, Bi Verlene."

"Ah, chini." Akavua aproni. "Basi mwenzangu ni nani?"

Maana Bi Verlene alikuwa nyoka wa karata. Inasemekana ujanani aliwahi kushinda gari la zimamoto, akalirudisha kesho yake kwa kukosa pa kuliegesha.

Ondrea alimpanga Bi Verlene na Tavion. Mbele yao akakaa yeye mwenyewe, na mwenzake akawa Sajini Ray Kowalik, mtu mpana mwenye shingo nyekundu, aliyeongoza magari yale ya Julai. Chumba kizima kiliona mpangilio ule, na hakuna aliyeuliza kama ni bahati.

"Huu mchezo naujua," alisema sajini akivuta kiti. "Tulikuwa tukiucheza jeshini."

Hapo ndipo alipokosea. Tarver Hill hakuna anayesema anaujua mchezo kabla hajauliza, "Nyumba hii mnachezaje?" Kila nyumba ina sheria zake. Kwa Mzee Hosea, na kwa hiyo kwa kikundi chote, mbili ya uru si uru. Ni turufu sawa na shupaza, ambazo katika mchezo huu ni turufu siku zote, tena inaila hata ree. Ondrea alimsubiri sajini aulize. Sajini akapanga karata zake akitabasamu. Basi Ondrea akafunga mdomo, aone.

"Sajini, ziinue karata zako," alisema Bi Verlene. "Naziona zote, mpaka za wiki ijayo."

"Unatazama kwangu, mama?"

"Mimi sitazami. Macho yangu ndiyo yenye tabia mbaya."

Mafungu ya karata nne nne yakaliwa huku na huku. Tavion akaibamiza shupaza mezani, na kwa kuwa turufu hujibiwa kwa turufu, Ondrea akatoa shupaza, Bi Verlene akatoa shupaza. Sajini akatoa kopa. Ikapita. Mizunguko michache baadaye sajini akaweka mbili ya uru mezani, kwa upole, kama mtu anayetupa takataka.

Tavion akaifunika kwa kiganja. "Umeficha turufu."

"Nimeficha nini?"

"Una hakika, mwanangu?" aliuliza Bi Verlene. "Ukimsingizia, sisi ndio tunaolipa mafungu matatu."

"Nina hakika." Tavion akafunua lile fungu la nyuma, na kopa ya sajini ikawa imelala pale mbele ya wote.

"Lakini hii ni uru," alisema sajini. "Si turufu. Popote duniani si turufu."

"Hapa ni turufu."

"Sikujua. Hakuna aliyeniambia."

Tavion alicheka, lakini si kicheko cha furaha. "Hakuna aliyekuambia. Afande, mimi mwaka jana nilikuambia maneno hayo hayo, uso wangu uko kwenye nyasi. Nilisema hatukujua kwamba barabara haifungwi bila kibali. Unakumbuka ulinijibu nini?"

Shingo ya sajini ikazidi wekundu.

"Nakumbuka," alisema. "Nilikuambia kutojua si kisingizio."

"Basi lete mafungu matatu."

Ondrea alijua kwamba mwanamume yule akisimama, Tavion naye atasimama, na vijana wote watapanda ngazi nyuma yake. Maneno kumi na mawili yalimpanda kooni yakisukumana. Kwa mara ya pili jioni ile, yeye aliyezaliwa akiongea, aliyameza yote.

Sajini akayasukuma mafungu matatu ng'ambo ya meza kwa mkono wake mwenyewe.

"Ni kweli," alisema. "Niliketi mezani kwenu bila kuuliza. Na hata siku ile sikuuliza."

"Siku ipi?" alisema Tavion, ingawa alijua.

"Ya Julai. Redio ilisema kuna watu wanapigana. Nikafika, nikaona moshi na watu wengi. Sikumuuliza mtu yeyote."

"Moshi ulikuwa wa mbavu za nguruwe," alisema Bi Verlene. "Na hao waliopigana ni mashemeji zangu wawili. Wanabishana kama mbavu zipakwe sosi kabla ya moto au baada. Walianza ubishi huo mmoja wao akiwa bado na nywele."

Watu wakacheka, na sajini akajikuta anacheka nao. "Na jibu ni lipi?"

"Baada. Ungeuliza ungelijua mwaka jana."

Sajini akamgeukia Tavion, kicheko kimemwisha. "Nilikulaza chini na hukuwa umefanya kitu. Nisamehe."

Tavion alichezea pembe ya karata. "Nilikuwa na sahani mkononi."

"Niliiona."

"Ilikuwa na kambare wa Drea. Kipande cha mkia, kile kikavu."

"Nilikiona pia. Kilianguka karibu na kiatu changu." Sajini akashusha pumzi. "Nimekifikiria zaidi ya unavyodhani."

Hapo ndipo Ondrea alipofungua mdomo. "Nami nilikuona unakaa bila kuuliza, Sajini, nikanyamaza makusudi ili uumbuke. Mwenyeji hafanyi hivyo. Kwa hiyo hatugawi tena mpaka kila upande utaje sheria za nyumba yake."

Wakataja. Polisi walisema kibali ni cha bure, ila upande mmoja wa barabara uachwe wazi gari la wagonjwa lipite. Vijana walisema mtu akipiga simu kulalamika, kwanza apigiwe Drea, halafu aje afisa mmoja kwa miguu, bila king'ora, aulize mwenyeji ni nani. Afisa mmoja wa meza ya dirishani akauliza kwa nini vijana hukimbia kama hawana kosa. Msichana mmoja akamjibu, "Afande, na nyinyi mbona mnatukimbiza kabla hamjajua kosa letu?" Yule afisa akavuta kiti karibu ili amjibu vizuri. Waliongea mpaka kambare aliowakaanga Ondrea wakaisha na mchungaji akateremka mara mbili kuzima taa, mara zote mbili akageuka huku akijifanya hajaona karata.

Kwenye ngazi Ondrea alimsubiri Tavion. "Haya. Mnatoka?"

"Nitoke niende wapi?" alisema Tavion. "Nina mafungu matatu ya kulinda."

Julai sherehe ilifanyika. Simu ya malalamiko ilipigwa polisi, nao wakampigia Ondrea kwanza. Alijibu huku anageuza samaki, na hakuna gari lililokuja. Vikao vya Jumanne vinaendelea. Siku hizi Tavion hucheza upande mmoja na Sajini Kowalik, ambaye mpaka leo hajui kuhesabu turufu zilizotoka, na Tavion humsengenya mtaa mzima, kwa uchungu uleule wa mapenzi ambao mtu huwa nao kwa mjomba wake.