Bibi Asiyejua Kukimbia

Wenzangu walinitania kwamba hata chai naitilia shaka kabla ya kuinywa. Sawa. Lakini siku Chef, mkubwa wetu, alipotugawia kazi upya, shaka yangu ilikuwa na miguu ya kusimamia.

Tulikuwa wachache, katika chumba nyuma ya depo ya samaki hapa Kalemie, tukitengeneza mchezo wa vita wa kompyuta. Mchezaji anajenga kijiji, anavuna, anakusanya askari, anateka stesheni za reli moja baada ya nyingine. Chef alikuwa amerudi na kompyuta kutoka Lubumbashi, na alijua kazi, simnyimi haki yake. Mimi nilichora ramani. Mwenzetu mmoja, mama kijana wa Nyunzu, alishughulikia raia: watembee, walime, wapike. Wengine wote walikuwa upande wa askari.

Vita vya kweli vilikuwa huko huko Nyunzu. Kila siku watu waliingia mjini na magodoro kichwani, na yule dada alitoka kazini kwenda kuwauliza kama wamemwona mama yake. Simu ya mama haikuita tena. Akirudi aliketi na kuendelea na raia wake. Katikati ya kijiji alikuwa ameweka bibi anayetwanga sombe ya majani ya muhogo, kitenge cha kijani, mgongo umepinda kidogo. Hatukuhitaji kuuliza ni nani.

Basi Chef akamtoa dada kwa raia, akamweka kutengeneza moshi na milipuko. Mfanyabiashara mmoja, wa wale tunaowaita papa kwa heshima, anayeleta simu kutoka Kigoma, alikuwa anakuja kutazama; akipenda, atatulipia chumba na mafuta ya jenereta.

"Chef," nikasema, "sasa njo nani atafundisha raia kukimbia?"

"Hiyo itakuja nyuma, kwanza bunduki. Muntu ananunua muchezo juu ya bunduki, hanunui juu ya bibi wa kutwanga sombe."

Wakacheka. Mimi nilikasirika, tena sana. Jeshi zima kwenye bunduki, na kijiji hakina mtu! Ramani nayo aliniamuru niikomeshe kwenye stesheni ya mwisho, kwa kuwa askari hawavuki hapo.

Mgeni alifika mchana, akaamkiwa, akapewa kiti kizuri. Dada ndiye aliyecheza, maana mkono wake ulikuwa mwepesi kuliko yetu. Askari walishuka kutoka relini. Moshi ulipanda mweusi, mzuri mno, na Chef akatabasamu. Nyumba zikashika moto. Raia wakabaki wamesimama walipo. Bibi wa kitenge cha kijani aliendelea kutwanga, moto ukimzunguka, mchi juu, mchi chini. Nilitaka jenereta izimike. Haikuzimika.

Mgeni akainama karibu na kioo. "Huyu mama, mbona anatwanga tu?"

"Itakuja nyuma, Papa," Chef akasema haraka.

Dada akaondoa mkono kwenye kipanya. "Hakuna muntu alimufundisha kukimbia," akasema, akatoka nje.

Mgeni aliusifu moshi, akasema atafikiri, akaenda zake. Chef alikaa akitazama sakafu. Hakuna aliyenitania siku hiyo.

Asubuhi tulimkuta dada kazini, amerudi kwenye raia bila kumwomba mtu ruhusa. Chef alisimama nyuma yake, hakumrudisha kwenye moshi. Dada akabonyeza. Askari wakashuka, na bibi akautupa mchi, akashika kitenge, akakimbia. Tulipiga kelele kama watoto. Alipita mashamba, akapita stesheni ya mwisho, halafu akagota ukingoni mwa ramani. Akawa anakimbia palepale, haendi mbele.

Dada akanigeukia. Tangu jana hakuwa amelala, ilionekana.

"Papa," akasema, "chora njia. Afike hapa Kalemie."

Nilimtazama Chef. Akanisogezea kiti.